Maswali ya Wasomaji: Nilitumikia Djibouti, Karatasi Hazisemi

Barua tatu tunazojibu mwezi huu zimetoka Texas, Arusha na Minnesota, na zote zinahusu jambo lilelile: mtu alitumikia jeshi la Marekani, akavuka bahari, pengine akatunukiwa medali, lakini karatasi za serikali hazionyeshi hivyo. Tumezifupisha na kuondoa majina ya wahusika. Barua ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa kuwa hali ya mwandishi wake inawahusu vijana wengi wa Afrika Mashariki walioingia katika jeshi hilo baada ya kupata kadi ya kijani.

SWALI: Ndugu Mhariri, pole na kazi. Mimi ni mzaliwa wa Morogoro na sasa ninaishi Texas. Nilijiunga na jeshi la akiba la nchi kavu, na mwaka 2012 kikosi chetu kiliitwa kazini kikapelekwa Djibouti, katika kambi ya Lemonnier, ambako tulikaa karibu miezi tisa. Tuliporudi nilipewa fomu ya DD 214, yaani hati ya kuruhusiwa kutoka kazini, nikaisaini bila kuisoma vizuri kwa sababu kila mtu alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Mwaka huu nimeomba kazi katika serikali kuu, ndipo nilipogundua kwamba sehemu ya utumishi wa ng'ambo imejazwa sifuri tupu na kwamba medali zilizotajwa ni mbili tu. Cheti cha medali niliyotunukiwa kambini ninacho, tena nimekitia fremu ukutani. Zaidi ya hayo nina pumu iliyonianza baada ya kurudi, na daktari ameniuliza kama niliwahi kukaa karibu na mashimo ya kuchomea taka. Nianzie wapi, na je, sijachelewa?

JIBU: Ndugu yetu, hujachelewa, ila una mambo mawili ambayo tunakushauri usiyafunge pamoja. La kwanza ni kifua chako, la pili ni karatasi zako. Wengi husubiri kumbukumbu zisahihishwe kwanza ndipo wapeleke madai ya ugonjwa, na kwa kufanya hivyo hupoteza miezi, wakati mwingine miaka, ya fidia waliyostahili. Sheria inayojulikana kama PACT, iliyosainiwa tarehe 10 Agosti 2022, inaitaja Djibouti kwa jina. Aliyetumikia huko tarehe 11 Septemba 2001 au baada ya hapo huhesabiwa kuwa alivuta moshi na hewa chafu ya mashimo hayo, na magonjwa kadhaa ya njia ya hewa, ikiwemo pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, huchukuliwa kuwa yametokana na kazi ya jeshi bila mgonjwa kutakiwa kuthibitisha chanzo chake. Somalia nayo imo, tena tangu Agosti 1990. Kenya haimo katika orodha hiyo, jambo ambalo waliokaa kambi ya Manda Bay kule Lamu wafaa walijue kabla ya kujaza fomu. Idara ya Maveterani ina wajibu kisheria wa kumsaidia mdai kutafuta ushahidi, kwa hiyo inaweza kuliuliza jeshi moja kwa moja kuhusu safari yako hata kabla fomu yako haijarekebishwa. Tuma sasa taarifa ya nia ya kudai. Tarehe utakayoituma hulindwa kwa mwaka mmoja, na ukiwasilisha dai kamili ndani ya muda huo, kisha likakubaliwa, malipo yanaweza kuhesabiwa kuanzia siku hiyo.

Sasa tuje kwenye karatasi. Toa fomu yako na uhakikishe kwamba ni nakala namba 4 ya mhusika, kwa maana fomu hiyo hutolewa kwa nakala kadhaa, na ile fupi huficha baadhi ya habari. Soma visanduku vitatu. Kisanduku cha 12, herufi f, kinaonyesha miaka, miezi na siku za utumishi wa ng'ambo, na hapo ndipo ulipokuta sifuri. Kisanduku cha 13 kinaorodhesha medali, beji na tepe zote ulizostahili hadi siku ya kuruhusiwa. Kisanduku cha 18 ni cha maelezo, na kwa kawaida ndimo inamoandikwa sentensi ya kutaja nchi uliyotumikia pamoja na tarehe ya kuingia na ya kutoka. Inafaa uombe vyote vitatu visahihishwe kwa pamoja, kwa sababu tumeona mtu akiongezewa medali huku sehemu ya ng'ambo ikibaki tupu, akalazimika kuanza upya.

Usishangae kwamba kosa lilitokea. Fomu ya askari wa akiba huandaliwa kwa haraka katika kituo anakopokelewa baada ya safari, na karani huiandika kwa kufuata kilichomo ndani ya mfumo siku ile. Amri ya kukupeleka Djibouti ikiwa imebaki katika kabati la kikosi, au medali yako ikiwa iliidhinishwa wiki ya mwisho na nakala haijafika kwenye jalada lako, karani hana cha kuandika. Jeshi halitambui safari kwa kuwa ulikuwapo na wenzako wanakukumbuka. Linaitambua kwa kuwa kuna karatasi inayosema hivyo. Kila utakachofanya kuanzia hapa ni kuitafuta karatasi hiyo na kuifikisha kwa mwenye mamlaka ya kuisoma.

Kabla ya kuomba, jua unachostahili, kwa sababu ombi linalosema tu "naomba medali zangu zote" hurudi na jibu la jumla. Kwa mtu aliyepelekwa Djibouti mwaka 2012 katika operesheni za kupambana na ugaidi, medali ya kwanza ya kuulizia ni Medali ya Safari ya Vita dhidi ya Ugaidi, iliyoanzishwa kwa amri ya rais mwezi Machi 2003. Masharti yake ni kukaa katika eneo lililotajwa siku 30 mfululizo, au siku 60 zisizofuatana, na Djibouti ni miongoni mwa maeneo hayo. Isichanganywe na medali nyingine ya vita hivyohivyo iliyoanzishwa siku ileile, ambayo walipewa hata wale ambao hawakutoka Marekani. Ya pili ni Medali ya Jeshi la Akiba yenye alama ndogo ya herufi M, ambayo hupewa askari wa akiba aliyeitwa kazini kwa ajili ya operesheni ya dharura. Ya tatu ni hiyo uliyoitundika ukutani. Medali za kampeni za Iraq na Afghanistan usiziombe kwa ajili ya safari hii. Kila moja ina mipaka yake ya nchi, na ombi lililojaa visivyostahili humfanya msomaji atilie shaka hata vinavyostahili.

Kwako wewe medali ile ya kwanza ina uzito wa pekee. Katika ajira za serikali kuu ya Marekani, mkongwe wa jeshi huweza kuongezewa pointi 5, na njia inayotumiwa na wengi ni kuwa na siku zaidi ya 180 mfululizo kazini, ambazo sehemu yake iliangukia kati ya tarehe 11 Septemba 2001 na 31 Agosti 2010. Safari yako ni ya 2012, hivyo mlango huo hauufikii kwa safari hiyo pekee. Mlango mwingine ni medali ya kampeni au ya safari ya kijeshi, na Medali ya Safari ya Vita dhidi ya Ugaidi inakubalika hapo. Ndiyo maana mstari mmoja uliokosekana katika kisanduku cha 13 unaweza kukugharimu nafasi ya kazi.

Kuhusu ushahidi, anza na amri yenyewe ya kuitwa kazini na kupelekwa ng'ambo, ile yenye namba, tarehe, jina lako na jina la mahali. Kama huna, jalada lako la kielektroniki la jeshi linaweza kuwa nayo, na afisa utumishi wa kikosi chako cha zamani anaweza kuwa na nakala. Ikikosekana kabisa, kuna karatasi ambayo askari wengi huidharau, nayo ni hati ya mshahara ya kila mwezi. Tafuta hati za miezi ile ya 2012 na 2013, kisha tazama safu ya malipo. Djibouti ilikuwa eneo linalolipiwa posho ya mazingira ya hatari, ambayo wakati huo ilikokotolewa kwa dola 7.50 kwa siku hadi kufikia dola 225 kwa mwezi mzima. Mwezi wa kwanza na wa mwisho kwa kawaida huonyesha kiasi pungufu, na upungufu huo hukuambia siku uliyoingia na siku uliyotoka. Ofisi ya mshahara haina sababu ya kukupendelea, kwa hiyo neno lake huaminika kuliko barua ya rafiki. Ongeza dodoso za afya zinazojazwa kabla na baada ya safari, hati ya kudai nauli, na tathmini ya utendaji ya kipindi hicho ikiwa inataja kambi.

Cheti chako nacho kishushe ukutani ukisome upya. Cheti kizuri chenye sahihi ya kanali hakitoshi peke yake. Kinachotafutwa ni namba ya amri ya kudumu iliyoidhinisha medali, ambayo mara nyingi huchapwa kwa herufi ndogo chini ya cheti, au huandikwa katika sehemu ya uidhinishaji ya fomu ya mapendekezo, DA 638. Ukiipata namba hiyo, kazi imekwisha nusu. Usipoipata, mwandikie aliyekuwa kamanda wako au sajenti wako na umwombe nakala ya fomu hiyo. Maelezo ya wenzako yaliyoandikwa chini ya kiapo yana nafasi yake pia, ila yawe na tarehe, jina la kikosi na mambo waliyoyaona kwa macho. Barua tatu zenye maneno yaleyale, zinazosema kwamba fulani alikuwa askari mwema, hazimsaidii mtu.

Ombi la kwanza usilipeleke kwenye bodi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote. Bodi hutaka kwanza umalize njia za kawaida za kiutawala, na ukiruka hatua hiyo jalada lako hurudishwa baada ya kukaa foleni. Kwa jeshi la nchi kavu, kwa mtu wa kipindi chako, njia ya kawaida ni Kamandi ya Rasilimali Watu iliyoko Fort Knox, Kentucky. Andika barua ya ukurasa mmoja, taja visanduku unavyotaka visahihishwe na maneno unayoomba yaandikwe, kisha ambatanisha nakala za ushahidi. Karatasi halisi zibaki kwako. Wakikubali, watakutumia fomu ya DD 215, ambayo ni karatasi ndogo ya masahihisho. Haifuti fomu ya DD 214 wala haichukui nafasi yake. Zote mbili huwekwa pamoja na kutumika pamoja, na mwajiri au benki akiomba moja, mpe zote mbili. Wakati ukisubiri, usithubutu kuongeza kitu kwa kalamu katika fomu ya zamani. Juu ya fomu yenyewe limechapwa onyo kwamba badiliko lolote katika sehemu zenye kivuli linaibatilisha.

Wakikataa, au wakijibu kwamba hawana mamlaka, hapo ndipo unapokwenda kwenye Bodi ya Kusahihisha Kumbukumbu za Kijeshi kwa kutumia fomu ya DD 149. Bodi hizi zilitokana na sheria ya mwaka 1946. Kabla ya hapo, askari aliyetaka kumbukumbu yake irekebishwe alilazimika kumtafuta mbunge ampelekee muswada wa mtu mmoja bungeni, na Bunge la Marekani lilichoshwa na miswada hiyo. Wajumbe wa bodi hizo ni raia, si maafisa wa jeshi waliovaa sare, na mara nyingi huamua kwa kusoma karatasi tu bila kumwita mwombaji. Mtu anayeandika kana kwamba atapata nafasi ya kufafanua baadaye hujiponza, kwa hiyo kila unachotaka kijulikane kiwemo ndani ya bahasha.

Sheria inatoa miaka mitatu tangu kosa lilipogunduliwa, au tangu siku ambayo lingepaswa kugunduliwa. Wewe utasema uligundua mwaka huu, lakini bodi inaweza kujibu kwamba ulisaini fomu uliporudi na ulikuwa na nafasi ya kuisoma siku ileile. Usikate tamaa kwa hilo. Sheria hiyohiyo inairuhusu bodi kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki, na fomu ina sehemu ya kueleza kwa nini isamehe. Eleza ukweli kwa ufupi: ni lini uliona kosa, ni nini kilichokufanya ulione, na kwa nini ushahidi uko wazi. Bodi huanza kwa kudhani kwamba makarani walifanya kazi yao ipasavyo, na ni juu yako kuonyesha kwa uzito wa ushahidi kwamba hawakufanya hivyo. Amri ya safari ikiwekwa kando ya hati ya mshahara huivunja dhana hiyo bila maneno mengi, na ombi lenye ushahidi wa namna hiyo huwa vigumu kulikataa kwa sababu ya tarehe peke yake.

Subira utaihitaji. Sheria inazitaka bodi zimalize maombi 9 kati ya kila 10 ndani ya miezi 10, na yote ndani ya miezi 18. Ofisi ya mbunge wa jimbo lako inaweza kuulizia maendeleo ya ombi ukisaini kibali cha kumruhusu kuona habari zako, na swali la mbunge hujibiwa, ingawa halibadilishi uamuzi. Ukikataliwa na baadaye ukapata karatasi mpya ambayo bodi haikuiona, unaweza kuomba iangalie upya. Huduma zote hizi ni bure. Vyama vya wakongwe kama American Legion, VFW na DAV vina maafisa waliopata kibali cha kuwasaidia maveterani bila malipo, hata kwa mtu ambaye si mwanachama. Anayekudai mamia ya dola ili akujazie fomu ya kurasa chache, mwache apite.

SWALI: Mhariri, mimi ni mjane, ninaishi Arusha. Marehemu mume wangu alikuwa Mmarekani na alipigana vita vya Korea akiwa kijana, kabla hatujafahamiana. Alisimulia sana habari za baridi ya kule, lakini hakuacha karatasi yoyote isipokuwa picha chache na barua alizomwandikia mama yake. Wanangu waliandika kuomba kumbukumbu zake, wakajibiwa kwamba jalada lake huenda liliungua. Je, ndiyo mwisho wa habari? Tungependa wajukuu waone medali zake zimeandikwa.

JIBU: Mama, shikamoo, na pole sana. Jibu walilopewa wanao ni la kweli, lakini si mwisho wa habari. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika ghorofa ya sita ya Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi, nje kidogo ya mji wa St. Louis, Missouri, na kuteketeza majalada kati ya milioni 16 na milioni 18. Kwa jeshi la nchi kavu, inakadiriwa kwamba asilimia 80 ya majalada ya walioruhusiwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 yalipotea, na mumeo, ikiwa alitumikia nchi kavu, anaangukia humo. Hayakuwa na nakala wala hayakuwa yamepigwa picha za filamu ndogo, na kwa kuwa hapakuwa na orodha kamili ya yaliyomo, hata leo haiwezekani kutaja kwa uhakika ni yapi yaliungua. Mengine yaliokolewa yakiwa yameungua kingo na kulowa maji ya zimamoto, yakakaushwa. Ndiyo sababu wanakuandikia "huenda", na ndiyo sababu si vibaya kuuliza tena.

Wakishindwa kulipata jalada, huweza kulijenga upya kutokana na kumbukumbu zilizowekwa kwingine. Ya manufaa zaidi ni ripoti za asubuhi. Kila kombania iliandika kila siku karatasi moja yenye mabadiliko ya siku hiyo tu: nani amefika, nani amepelekwa hospitali, nani amepandishwa cheo, nani ameondoka. Askari aliyekuwa mzima katika kazi yake hatajwi, hivyo haitoshi kuwaambia "alikuwa Korea 1951". Inabidi uwape kombania na kipindi kifupi ambacho jambo fulani lilimtokea. Hapo ndipo barua kwa mama yake zinapokuwa na thamani kubwa. Tazama kona ya bahasha: anwani ya mwanajeshi wa wakati ule ilikuwa na cheo, jina, namba yake ya utumishi, kombania, kikosi, na namba ya posta ya jeshi. Namba hiyo ya utumishi ndiyo ufunguo, kwa sababu jeshi la nchi kavu halikuanza kutumia namba ya hifadhi ya jamii badala yake hadi mwaka 1969. Katika picha, tazama beji ya bega, ambayo hutaja divisheni. Wanao waombe fomu NA 13055, iliyotengenezwa kwa ajili ya majalada yaliyoungua, na waijaze kwa habari hizo.

Waulize pia katika mahakama au ofisi ya kumbukumbu ya kaunti alikozaliwa. Askari wengi waliorudi nyumbani walishauriwa kuandikisha hati zao za kuruhusiwa hapo, na nakala zilizoandikishwa hivyo hazikuguswa na moto wa St. Louis. Baadhi ya majimbo yaliwalipa askari wa vita hivyo bakshishi, na maombi ya bakshishi yaliambatanishwa na hati hizohizo.

Kuhusu medali, aliyetumikia Korea wakati wa mapigano kwa kawaida alistahili Medali ya Utumishi wa Korea na Medali ya Umoja wa Mataifa ya Korea. Ipo na nyingine ambayo karibu hakuna hati ya zamani inayoitaja, kwa sababu haikuwa imekubaliwa wakati huo. Jamhuri ya Korea ilianzisha medali yake ya vita kwa ajili ya askari wa nchi rafiki, lakini serikali ya Marekani iliridhia wanajeshi wake waipokee mwaka 1999 tu. Inawahusu waliotumikia huko kati ya tarehe 25 Juni 1950 na 27 Julai 1953. Hata kama hati ya marehemu ingepatikana ikiwa safi kabisa, medali hii isingekuwamo, na ni halali kuomba iongezwe.

Kwa upande wa utaratibu, mjane ambaye hajaolewa tena ni miongoni mwa ndugu wa karibu wanaotambuliwa, na watoto pia wamo. Ambatanisha cheti cha ndoa na cheti cha kifo. Kama vilisajiliwa Tanzania, nakala zilizothibitishwa na RITA zinafaa. Vilevile, jalada la mtu aliyetoka jeshini zaidi ya miaka 62 iliyopita huhesabiwa kuwa nyaraka za kumbukumbu zilizo wazi kwa umma, na hilo huondoa vizuizi vingi vya faragha, ingawa nakala zake hulipiwa. Ikifika hatua ya kwenda kwenye bodi, wewe kama mjane unaruhusiwa kusaini fomu ya DD 149 kwa niaba ya marehemu, na miaka iliyopita isikutishe, kwa sababu ile nafasi ya kuomba kusamehewa ucheleweshaji ni yako pia.

SWALI: Mimi ni Mkenya ninayeishi Minnesota. Niliingia jeshini kupitia ile programu ya lugha, kwa sababu ya Kiswahili changu. Karani aligeuza majina yangu, jina la baba likawa jina langu la kwanza, tena akalikosea herufi. Baada ya kuwa raia nilirekebisha majina yote mahakamani. Sasa amri ya medali yangu ina jina moja, fomu ya DD 214 ina jingine, na leseni yangu ina la tatu. Je, jeshi litabadilisha yote yafanane na leseni?

JIBU: Ndugu, yote hapana. Programu unayoitaja, iliyoandikisha wageni wenye viza kati ya mwaka 2009 na 2016 kwa ajili ya taaluma za afya na lugha, ilituletea barua nyingi za namna hii, kwa sababu mpangilio wetu wa majina, jina la mtu, la baba na la babu, haukai vizuri katika fomu yenye nafasi ya jina la kwanza, la kati na la ukoo.

Tofautisha makosa mawili. Herufi iliyokosewa, au majina yaliyogeuzwa, ikiwa pasipoti uliyoingia nayo jeshini inaonyesha mpangilio sahihi, ni kosa la karani na huweza kusahihishwa kwa fomu ya DD 215. Jina ulilopewa na mahakama baada ya kuruhusiwa si kosa la mtu, na kwa kawaida bodi hukataa kulirudisha nyuma, kwa hoja kwamba kumbukumbu zinapaswa kuonyesha mambo yalivyokuwa wakati yanatokea. Hoja hiyo inaudhi, lakini tunaiona ina haki ndani yake, kwani amri zako zote za wakati ule zingebaki na jina ambalo fomu mpya hailijui.

Kwa hiyo kwa jina la mahakamani usipoteze mwaka mzima ukibishana. Weka nakala iliyothibitishwa ya amri ya mahakama pamoja na cheti chako cha uraia nyuma ya fomu ya DD 214, na uzitoe pamoja kila unapoombwa. Amri ya medali yenye jina lililokosewa bado inaweza kutambulika kuwa yako iwapo kikosi, cheo na tarehe vinalingana na jalada lako, kwa hiyo viandike vyote katika barua ya kuomba medali iongezwe katika kisanduku cha 13. Na unapojaza fomu SF 180 ya kuomba jalada lako, mahali panapouliza jina lililotumika wakati wa utumishi, andika lile la karani, na makosa yake yote, kwa sababu ndilo watakalolitafuta.